Kirikuu, kiraka na mizani ya samaki: fundi bodi wa Magomeni na bati lake

Naanza na alama, maana najua wengi wenu mnasoma mstari wa kwanza mnaondoka. Gereji ya bodi ninayoisema hapa, iliyoko Magomeni, Mtwara mjini, chini ya mwembe, naipa nyota nne. Ya tano nimeishika mkononi na fundi mwenyewe anajua kwa nini. Bati alilonichagulia, hilo nalipa tano zote.

Mimi nauza samaki. Alfajiri niko Feri, nachukua changu, vibua, na nguru wakipatikana, natia barafu kwenye makasha, kirikuu yangu, kipikapu kidogo cha Suzuki Carry, inapanda Nanyamba mpaka Tandahimba. Safari nne kwa wiki. Mwenye kazi kama yangu hahitaji kuelezwa gari linaozaje. Barafu inayeyuka, maji yanakutana na chumvi na damu ya samaki, yanateremka kwenye mifereji ya sakafu ya nyuma, yanatafuta pembe, yanatulia humo. Usiku gari linalala Shangani, upepo wa bahari unalilamba mpaka asubuhi. Na hii Suzuki Carry Wajapani waliitengeneza ibebe kilo 350 kwa injini ya cc 660, kwa hiyo bati lake ni jembamba kwa makusudi. Sisi tunaipakia mara mbili ya hapo, halafu ikitoboka tunasema magari ya siku hizi ni ya makaratasi.

Sakafu na ubavu wa gari langu vimetengenezwa mara tatu na mafundi watatu. Nawaeleza wote, kwa sababu bila wale wawili wa mwanzo nisingejua huyu wa tatu ana thamani gani.

Wa kwanza simtaji, na mtaa wake siutaji. Alinifanyia kazi siku moja na nusu, bei ya kirafiki, gari likatoka laini kama yai la kuchemsha. Nikampa na samaki wa kitoweo juu. Miezi mitano baadaye rangi ikaanza kuvimba ubavuni, chini ya mlango wa dereva, vijipele kama vya mtoto mwenye tetekuwanga. Siku moja tunashusha mzigo Tandahimba, kasha likagonga pale, kipande kizima kikadondoka. Nikakiokota. Ilikuwa puti tupu, ule uji wa kujazia mabonde ya bodi unaokauka ukawa mgumu, nene kuliko kidole changu cha shahada. Nyuma yake kulikuwa na kipande cha bati la kuezekea nyumba, kimepigwa ribiti juu ya kutu ambayo hata haikukwanguliwa.

Nilikwenda kumuuliza. Akaniambia, "Mama, hilo ni bati geji 28, bati zuri sana." Zuri, sikatai, nyumba yangu mwenyewe ina geji 28 na haivuji. Lakini geji ni namba ya unene tu, na bati la geji 28 halifiki hata nusu milimita. Na mabati mengi ya kuezekea yanafanywa makavu kiwandani ili yakishapigwa migongo yakae hivyo hivyo; ukilikunja bati la namna hiyo kona kali linapasuka kwenye mkunjo. Juu ya hapo limepakwa zinki. Ukilichomelea bila kuisaga hiyo zinki linatoa moshi mweupe, na chomeo lenyewe linajaa vitundu kama mkate wa kumimina. Kijana wa gereji ile aliwahi kushikwa na homa usiku, kutetemeka na kutokwa jasho, wakamnywesha maziwa. Asubuhi alipopata nafuu wakayasifu maziwa. Ni moshi wa zinki ule, na kwa kawaida homa yake inapita yenyewe ndani ya siku moja au mbili. Dawa ni kusaga zinki kwanza, na kukaa upande unakotoka upepo.

Tangu siku ile natembea na sumaku kwenye mkoba, nimeitoa kwenye spika ya redio iliyokufa. Ukinunua gari, au ukipokea gari kwa fundi bodi, ipitishe taratibu, na kitambaa chembamba katikati isikwangue rangi. Panaposhika kwa nguvu kuna chuma karibu. Ikiteleza na kuanguka, hapo umeuziwa puti. Puti si haramu, kila fundi anaitumia, ila ni ya kusawazisha mawimbi, milimita mbili tatu basi. Haikuumbwa kuwa ukuta.

Fundi wa pili hakuwa fundi bodi, alikuwa mchomeleaji wa mageti. Wazo lilikuwa la dereva wangu. Kijana mzuri, haibi mafuta, ila ana maradhi ya kuamini kwamba kila kilicho kizito ni kizuri. "Mama, safari hii tumalize kabisa. Tupige plate ya milimita mbili, tusahau." Nikaona ana hoja. Kama bati jembamba limeoza, weka nene, si ndiyo?

Wakapiga plate ya milimita mbili nusu ya sakafu, kwa mashine ya kuchomelea ya fimbo. Nilikuwepo. Kila fimbo ikigusa ukingo wa bati la zamani, linatoboka tundu, jamaa anaziba tundu kwa tone la chuma, pembeni linatoboka lingine. Mwisho ukingo mzima ulikuwa na manundu kama mgongo wa mamba. Nikaambiwa, "Hapo mama hata tembo apite."

Tembo hakupita. Zilipita safari kama arobaini hivi, na ule upande ukaanza kupiga kelele kwenye mashimo. Nikainama chini ya gari: plate iko vilevile, nzima, haina kovu. Bati la zamani ndilo lililochanika, pembeni kabisa ya chomeo, likafuata mstari kama tiketi inavyochanwa. Plate ya milimita mbili haipindi, na gari likiwa barabarani bodi yote inacheza kidogo kidogo. Kiraka kinapokataa kucheza, mchezo wote unahamia kwenye ukingo, na ukingo huo umeshababuliwa na moto. Mama yeyote anayejua sindano angeniambia mapema: shona kiraka cha jinzi kwenye kanga kuukuu, uone kipi kitachanika.

Na uzito. Mita moja ya mraba ya bati la milimita moja ni kilo 7.85, hiyo ni hesabu ya chuma popote duniani. Sakafu yangu ya nyuma ni kama mita 1.9 kwa 1.4. Ningeiweka yote kwa milimita mbili ningebeba kilo 42 hivi za sakafu, wakati bati linalolingana na la kiwandani halifiki kilo 17. Kilo 25 za tofauti ni kasha la samaki. Yaani ningekuwa nalipia petroli kupandisha chuma Tandahimba, na chuma Tandahimba hakina mnunuzi.

Basi, huyu wa Magomeni.

Nilielekezwa na dereva wa Bajaji aliyegongwa ubavu akatengenezwa pale. Gereji yenyewe ukiitazama huweki imani: uzio wa makuti, mwembe, kipande cha reli kilichofukiwa nusu ardhini ambacho ndicho fuawe lake, mitungi, na kibanda cha vifaa chenye kufuli kubwa kuliko mlango. Fundi ni mtu wa makamo, haongei sana. Vijana wake wakakimbilia "Shikamoo mama", yeye akanisalimu akiwa tayari yuko chini ya gari. Alizunguka akigonga kwa mpini wa bisibisi, ko, ko, ko, mpaka mlio ukageuka kuwa po. Pale panapolia po anaweka alama ya chaki. Alipomaliza gari langu lilikuwa kama ubao wa darasa la kwanza.

Nikasubiri bei, hakutaja. Alikata kipande cha ukubwa wa kiberiti kutoka mahali pazima pa sakafu, akasaga rangi pande zote mbili mpaka kikang'aa, akaniuliza, "Mama una kipimo?" Alikuwa ananitania, maana mama muuza samaki atakuwa na kipimo gani zaidi ya mizani. Nikafungua mkoba nikatoa venia, kipimo cha kubana unene. Marehemu mume wangu alikuwa fundi mitambo, hiyo ndiyo sehemu yangu ya urithi ambayo mashemeji hawakuitaka. Fundi alinyamaza kidogo, kisha akaniita "mama" kwa sauti nyingine.

Venia ikasoma milimita 0.8. Tukapima na ubavu wa chini ya mlango, ambao una tabaka mbili: la nje 0.8, la ndani lililojificha 1.2. Upau mrefu wa chini unaobeba sakafu, 1.6. Mlango wenyewe, panapoonekana na watu, 0.7. Akaandika tarakimu zote kwa chaki kwenye mlango, kila moja na mahali pake, akasema, "Gari lenyewe limeshatuambia. Nenda kanunue."

Hapo ndipo nilipoelewa kosa langu lote. Mara zote mbili nilikuwa nauliza "bati gani ni zuri?" kana kwamba lipo moja zuri la gari zima. Gari halina unene mmoja. Ngozi ya nje, milango, madigadi na boneti, kwenye magari mengi ya siku hizi iko kati ya 0.65 na 0.8, ya zamani hufika 0.9 hata 1.0, ndiyo maana mafundi wazee wanalia na bati la leo. Sakafu huenda kutoka 0.8 hadi 1.2. Vinavyobeba mzigo, mapau na tabaka za ndani, 1.2 kwenda 2.0. Chesisi za malori na pikapu kubwa ni habari nyingine, huko fundi bodi akae pembeni. Sheria ya huyu fundi ni nyepesi: rudisha kilichokuwepo, ukikosa panda hatua moja, na kwenye kinachobeba mzigo usishuke kamwe. Kwenye ngozi ya nje hata kupanda anaona shida, kwa sababu bati la 1.0 kulipinda lifuate tumbo la mlango wa 0.7 ni kupigana nalo siku nzima, na mwisho unazika makosa kwa puti.

Nikaenda dukani. Duka nalo silitaji, lakini kisa chake nakisema.

Nikaomba bati jeusi la pleni, yaani tambarare lisilopakwa zinki, 0.8. Kijana akasema 0.8 hakuna, ipo "geji 20, ndiyo milimita moja hiyo". Kwanza hapo pana mtego. Geji huhesabiwa kinyumenyume, namba ikikua bati linapungua, na jedwali la geji si moja duniani. Kwenye lile la Kiingereza geji 20 ni milimita 0.91, geji 22 ni 0.71, geji 18 ni 1.22, geji 16 ni 1.63. Kwa hiyo "geji 20 ndiyo milimita moja" imeshapoteza karibu kumi kwa mia kabla bati halijatoka stoo. Usinunue kwa geji. Taja milimita, na upime.

Venia nilikuwa nayo, ila ukingo wa bati lililokatwa kwa mkasi una meno, ukibana hapo unasoma zaidi ya ukweli. Vumbi na mafuta navyo vinaongeza. Nikamwambia kijana alitoe bati zima nje. Nilikuwa nimekuja na gari la jirani lenye mizani yangu ya kuning'iniza, ile ninayopimia papa. Tukalikunja nusu duara, kamba mbili, tukalitundika kwenye nguzo ya kibaraza. Watu wakajaa. Mmoja akauliza papa huyo wa aina gani.

Bati la futi nne kwa nane lina karibu mita za mraba 2.98. Kama kweli ni milimita moja lina kilo 23 na kidogo. Mizani ikasimama kwenye 19. Nikagawa mbele ya kijana, kwenye simu: 19 gawanya kwa 2.98, gawanya tena kwa 7.85, nikapata 0.81.

Sasa cheka na mimi. Nilikuwa nataka 0.8, nikaambiwa hakuna, na waliyokuwa nayo ndiyo hiyo hiyo, wanaiuza kama 1.0. Nikamwambia mwenye duka, mzee wa heshima aliyekuwa ndani akinywa kahawa, "Mzee, mimi bati hili nalitaka, ila nalilipa kwa jina lake." Alinuna, akaniteremshia bei. Sijui kama alikuwa anajua au na yeye aliuziwa hivyo. Bati kupungua kidogo kuliko namba yake ni kawaida, asilimia chache viwanda vinaruhusiwa. Robo kilo, nusu kilo, nyamaza. Kilo nne ni mkono wa mtu.

Bati la 1.2 kwa tabaka la ndani nililipata duka jingine, nalo nikalitundika: kilo 28 kasorobo, sawa kabisa. Huna mizani ya papa? Kata kipande cha sentimita 30 kwa 30, peleka kwa muuza sukari yeyote. Cha milimita moja kitakuwa na gramu 700 hivi, cha 0.8 gramu 565, cha 1.2 karibu 850. Kikija na gramu 300 hicho ni cha paa, rudisha.

Niliporudi Magomeni na mabati, dereva wangu akashika lile la 0.8, akalitikisa, likawayawaya wob-wob-wob, akaniangalia kwa huruma. "Mama, hili ndilo tunapakilia samaki?" Fundi hakumjibu. Alikata kipande kama cha upana wa kiti, akakiweka juu ya matofali mawili, akamwambia panda. Kikabonyea mpaka chini. Akakitoa, akakipeleka kwenye reli, akapiga nyundo akakunja kingo mbili kushuka kama inchi moja, kisha kwa patasi butu akachora mifereji mitatu katikati, akiipiga polepole toka mwisho huu hadi ule, bila kukimbilia kina. Dakika ishirini hivi. Akakirudisha kwenye matofali. "Panda tena." Dereva akapanda, ana kilo zaidi ya themanini, akarukaruka kidogo. Kikatoa mlio tu. Hakikubonyea.

Ndiyo maana sakafu ya Carry ina ile mifereji. Mimi miaka yote nilidhani ni ya kupitishia maji.

Alipochomelea nilikaa nikitazama, kwenye kigoda, na ming'oko yangu ya kutafuna. Kwanza alichomoa waya wa betri. Akakata kutu yote mpaka akafika kwenye chuma cheupe, tundu likawa kubwa mara mbili ya nilivyodhani, moyo ukaniuma. Pembe za kiraka hakuziacha kali. Aliweka mdomo wa kikombe cha chai, akachora duara, akakata. Akasema pembe kali ndipo ufa unapoanzia, na nikakumbuka ile plate ya mraba. Halafu kingo za bati la zamani akazizamisha kidogo kwa koleo, ili kiraka kikae juu yake na uso ubaki sawa.

Mashine yake ni ya waya, ya gesi, na waya ni wa milimita 0.6. Hapigi mstari. Anapiga nukta moja hapa, anakwenda pembe ya pili nukta moja, anavuka upande wa pili, kama fundi cherehani anavyopiga bandi kabla ya kushona. Kila nukta tsss, sekunde moja, basi. Kisha anaweka kiganja cha mkono karibu na nukta. Kama hawezi kukiacha pale, haendelei. Anakaa, anawasha sigara, anaizima, anagusa tena. Kijana wake mmoja mwenye haraka alipewa upande mdogo wa ndani, akaunganisha nukta sita mfululizo, na mbele ya macho yangu bati likavimba katikati. Ukilibonya linaingia, pwa, ukiachia linarudi, pwa, kama kifuniko cha kopo la maziwa. Joto linalitanua bati jembamba, chomeo likipoa linajikunyata na kuvuta kingo, na bati la katikati halina pa kwenda ila juu au chini. Fundi alilirudisha kwa nyundo na kitako cha chuma kwa nusu saa nzima, akipiga kingo na siyo uvimbe. Yule kijana hakuongea mpaka jioni.

Ile plate ya milimita mbili isingevimba, nakiri. Unene unasamehe mkono mbaya. Nadhani ndiyo sababu wachomeleaji wengi wanatupigia plate: hawaiweki kwa faida ya gari, wanaiweka kwa sababu mashine yao na mkono wao haviwezi 0.8.

Baada ya kuchomelea nilimwona akitoboa. Nikaruka: "Fundi! Tumelipa kuziba, unatoboa?" Ni vitundu vya chini ya ubavu vya kutolea maji. Kiwanda kinaviacha, fundi wangu wa kwanza alivijaza puti, ndiyo maana ubavu ule ulioza kutokea ndani. Kwenye maungio akaweka gundi ya bodi. Silikoni ya madirisha aliikataa, ile inayonuka siki, kwa kuwa siki hiyo inakula chuma. Chini akapaka rangi nyeusi ya lami, lakini baada ya praima, ile rangi ya kwanza ya kukinga chuma, kukauka siku mbili. Ukipaka lami juu ya kutu unaifungia chakula chake ndani.

Sasa malalamiko, maana nyota imenyimwa.

Aliniambia siku nne, zikawa kumi na moja. Umeme ulikatika siku mbili, hizo namsamehe. Lakini katikati likaja lori la watu wa korosho, ilikuwa Oktoba msimu unafunguliwa, na watu wa korosho mwezi huo wanalipa bila kuuliza bei. Kirikuu yangu ikasukumwa pembeni siku tano, mimi nakodi gari la watu kwenda Tandahimba. Angeniambia tu. Simu alikuwa nayo.

La pili, hakufunika kioo cha mbele. Cheche za grenda zimeacha vidoti kwenye kona ya kushoto ya kioo, vidogo, vimeingia ndani ya kioo hasa, havitoki kwa kitambaa wala kwa wembe. Usiku gari likija mbele vinametameta. Nilipomwonyesha akasema "Pole mama", akapunguza elfu ishirini. Kioo si elfu ishirini. Mkienda, pelekeni blanketi lenu kuukuu na mlifunike wenyewe.

Rangi, msitegemee. Nyeupe yake na nyeupe ya Suzuki ni binamu, si ndugu. Kwa gari la samaki sijali. Kwa Noah ya harusi mtajali. Risiti hatoi, anaandika kwenye daftari na wewe unapiga picha. Kazi ilikuwa shilingi laki tatu na nusu, mabati nimenunua mwenyewe, na makombo yote alinirudishia bila kuombwa. Makombo hayo nimemtengenezea jirani jiko la mkaa, limeshaanza kutoboka, maana 0.8 si bati la jiko. Hilo nalo ni somo langu, simlaumu mtu.

Sasa ni mwaka na miezi miwili. Kila Jumapili dereva anamwaga maji yasiyo na chumvi sakafuni, anatia kidole kwenye vile vitundu kuona kama viko wazi. Sumaku inashika kila mahali, isipokuwa sehemu moja ya ukubwa wa sarafu nyuma ya tairi la kushoto, na hiyo fundi alinionyesha mwenyewe kabla sijaitafuta. Nyufa hakuna. Pale kijana alipovimbisha, ukikanyaga kwa kisigino bado linasema pwa, kwa mbali.

Anafungua saa mbili asubuhi, Ijumaa anafunga saa tano na nusu mpaka watu watoke msikitini. Msiegeshe chini ya mwembe, hasa Desemba. Siku naenda kuchukua gari niliiacha pale dakika kumi tu nikihesabu hela, embe dodo likadondoka katikati ya paa, likaacha kibonyeo kama bakuli la supu. Nikapiga kelele. Fundi alikuja bila haraka, akaingia ndani, akaweka kidole gumba chini ya kibonyeo, akasukuma. Pwa. Likarudi, halina alama. Akachukua embe, akalifuta kwenye suruali, akaniuliza kama nalitaka.